Tafakari ya Juma: Udongo wa Saa Moja na Udongo wa Saa Nne

Somo: 1 Nyakati 12:32

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Sura hii ni orodha ya majeshi yaliyokwenda Hebroni kumtawaza Daudi, na wengi wetu huiruka. Dani walitoa watu 28,600, Asheri 40,000, Zabuloni 50,000. Isakari wanatajiwa wakuu 200 tu, na hatuambiwi walibeba mikuki mingapi. Tunaambiwa walijua nyakati, na walijua Israeli inapaswa kufanya nini. Juma hili tuusome mstari huo tukiwa mahali ambapo mahubiri hayafiki mara nyingi: kwenye uwanja wa mbio za magari wa udongo, mjini Knoxville, jimbo la Iowa, Marekani.

Mtu tunayemtazama ni Steve Kinser wa Bloomington, Indiana, aliyezaliwa 1954, mtoto wa dereva wa mbio hizo hizo. Mashindano ya World of Outlaws, msururu wa mbio za magari ya udongo, yalipoanza 1978, yeye ndiye aliyechukua ubingwa wa kwanza. Akaja kuuchukua mara 20, wa mwisho mwaka 2005, na kushinda mbio 577 za mashindano hayo. Mbio kubwa za Knoxville, zinazofanyika kila Agosti, alizishinda mara 12. Hatumleti hapa kama kielelezo cha imani. Tunamleta kama mtu aliyeijua kazi yake, na Mithali haioni aibu kututuma hata kwa mdudu chungu.

Uwanja wenyewe ni duara refu la nusu maili, yaani mita 800 hivi. Mchana malori yanaumwagia maji, kisha magari yanazunguka polepole kuushindilia. Saa moja jioni udongo ni mweusi, una unyevu na unanata. Tairi linauma, matope yanaruka hadi kwa watazamaji, na dereva anaweza kukanyaga mafuta karibu mzunguko mzima. Mzunguko mmoja huchukua sekunde 15 hivi.

Halafu mambo yanageuka. Mbio fupi za kupanga nafasi zinapita moja baada ya nyingine, injini zenye nguvu za farasi kama 900 kila moja zinausugua udongo ule ule, na unyevu unaisha. Kufikia saa nne usiku, mbio kuu inapoanza, katikati ya uwanja pamekauka na panang'aa kama sakafu ya saruji iliyosuguliwa. Ukikanyaga mafuta kama ulivyokanyaga saa moja, tairi la nyuma linazunguka bure, linapata moto, uso wake unalainika kama kioo, na hapo halishiki tena hata ukiliomba. Udongo uliorushwa umejikusanya juu, karibu na ukuta, ukafanya tuta dogo laini. Mshiko uliobaki uko pale. Lakini ukiligonga tuta kwa pupa, tairi la kulia linanasa na gari linabiringika. Uwanja ni ule ule, usiku ni ule ule, na dereva ni yule yule.

Sasa tazama gari. Linaitwa sprinti. Uzito wake pamoja na dereva ni kama kilo 640, injini ni ya lita 6.7, na mafuta yake ni methanoli. Halina starta, halina klachi, halina gia za kubadilisha. Haliwezi kujiwasha lenyewe: lazima lisukumwe na gari jingine kutoka nyuma. Dereva anafungua mafuta, anaachia lisukumwe, macho yake yako kwenye geji ya presha ya oili, na presha ikipanda ndipo anawasha swichi ya moto. Mwenye haraka akiiwasha kabla oili haijafika, anaziharibu beringi za injini ya maelfu ya dola kabla hata ya mzunguko wa kwanza. (Wale mliosimamishwa madhabahuni kabla ya kufundishwa, mnajua tunachosema.)

Nyuma halina difu. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na yanazunguka pamoja. Kwa kuwa kona zote ni za kushoto, fundi huweka tairi la kulia lenye mzunguko mkubwa kuliko la kushoto kwa inchi 10 au zaidi, ili gari lipinde lenyewe. Tofauti ikizidi kwenye udongo mkavu, mkia unakimbia mbele ya pua. Ikipungua mno, gari linakataa kona na kwenda moja kwa moja ukutani. Kwa hiyo udongo ukinata tofauti inaongezwa, udongo ukikauka inapunguzwa. Upepo wa tairi nao ni mdogo ajabu: tairi la nyuma kushoto huweza kuwa na paundi 5 au 6 tu, na wengine hulifungia vali ndogo inayoachia upepo tairi likipata moto. Uchafu ukiingia kwenye vali hiyo, tairi linakwisha upepo katikati ya mbio, na hakuna ujuzi wa usukani utakaokuokoa.

Juu kuna bawa la futi 5 kwa 5, linaloligandamiza gari chini. Dereva analisogeza mbele au nyuma akiwa kwenye kiti, kwa mkono mdogo wa haidroli. Tangi liko mkiani, kwa hiyo mafuta yanavyoungua, nyuma panakuwa pepesi. Udongo nao unazidi kukauka. Basi mizunguko ikisonga analirudisha bawa nyuma, kidogo kidogo. Akilirudisha mapema mno, pua inakuwa nyepesi na usukani haushiki. Akisahau, tairi za nyuma zinateleza. Hakuna namba moja iliyo sahihi kutoka mwanzo hadi mwisho wa mbio.

Hapa ndipo Isakari wanapotugusa. Yuko ndugu aliyezoea kufunga siku tatu kavu, akapata nguvu kweli; leo ana kisukari, na bado anajilaumu kama mtu aliyerudi nyuma. Yuko dada aliyekuwa akiamka saa kumi alfajiri kuomba. Sasa ana mtoto wa miezi minne, na saa kumi ndiyo kwanza mtoto amelala. Mzazi aliyemwongoza mtoto wa miaka 7 kwa amri anashangaa amri zile zile zinamsukuma yule wa miaka 17 ukutani. Neno halijabadilika, na aliyetuita hajabadilika. Udongo umebadilika. Wengi wetu tunaita uaminifu kile ambacho ni kuendesha kwa mpangilio wa saa moja jioni wakati ni saa nne usiku, kisha tunamlaumu shetani kwa tairi tulilolichoma wenyewe.

Kinser mwenyewe alionja upande huu. Mwaka 1995, akiwa na mataji 14, aliingia mbio za NASCAR, kwenye lami. Gari la kule lina uzito zaidi ya mara mbili na halina bawa la kuligandamiza. Na jambo gumu zaidi: kwenye udongo dereva hupinda kwa mguu wa mafuta. Anauachia mkia uteleze kwenda nje, usukani ameuelekeza kulia huku gari linakata kushoto. Kwenye lami mtelezo wa namna hiyo ni hasara tupu. Alianza mbio 5, kisha timu ikaachana naye. Bingwa mara 14, mbio 5. Angeweza kukaa nyumbani akilinda jina. Alirudi kwenye udongo, akasubiri hadi 1998 ndipo akapata ubingwa tena, na akaendelea kuchukua mataji hadi 2005 akiwa na miaka 51.

Hatupendi mahubiri yanayogeuza kila anguko kuwa ngazi. Ile ya 1995 ilikuwa kushindwa, tuiite hivyo. Kilichofuata kilitokana na kujua kazi yake iko wapi.

Na sehemu kubwa ya mataji ya kwanza ina jina la mtu mwingine ndani yake: Karl Kinser, jamaa yake, mwenye gari na fundi. Watu walimpigia makofi Steve. Aliyeinama saa tatu usiku, akaushika udongo kwa vidole, akaukandamiza kuona kama bado una maji, kisha akaamua tairi lipi lifungwe, alikuwa ni fundi. Dereva akishafunga mikanda hawezi kushuka kuugusa udongo. Anahitaji mtu aliyesimama chini. Swali la kujadili kwenye vikundi vya nyumbani Jumatano ni hilo: nani anaruhusiwa kukwambia kwamba mpangilio wako umepitwa na saa? Mkeo? Mzee wa kanisa? Au gari lako halina fundi?

Jambo dogo la mwisho. Kwenye kioo cha helmeti dereva hubandika plastiki nyembamba zinazoonekana kama hazipo, tabaka juu ya tabaka. Tope likiziba, anavuta moja, inaruka, anaona tena. Anayevuta mbili kwa pupa mwanzoni, matope yakiwa mengi, huishiwa kabla ya mwisho, na kuifuta kwa glavu kunalisambaza tope tu.

Mbio ikiisha gari linaoshwa, methanoli inasafishwa kwenye pampu isije ikala alumini, na fundi anaandika daftarini: tairi gani, upepo kiasi gani, bawa lilisimama wapi, na kilichokosewa. Taa zinazimwa. Mchana wa kesho, kama kuna mbio nyingine, lori la maji linaingia tena uwanjani.