Mtango wa Yona na nyanya zangu

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii naiandika nikiwa bado na udongo kwenye kucha, nimetoka shambani saa hizi.

Wale mlio mbali, hapa Arua, Uganda, Februari si mchezo. Mvua ilikata Desemba, na ule upepo mkavu unaotoka upande wa Sudan unakausha kila kitu, hata midomo. Mimi baada ya Krismasi nilihamisha miche 60 ya nyanya kutoka kitaluni, kwa sababu kiangazi nyanya zinapanda bei sokoni na nikasema nikivumilia kumwagilia nitamaliza balansi ya ada ya watoto. Basi kila siku jerikani mbili saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijakaza, mbili zingine jioni, na foleni kwenye pampu mnaijua ilivyo, maji namwaga kwenye shina tu, udongo nimeufunika na nyasi kavu ili unyevu usipotee. Nimeitaabikia hiyo miche jamani.

Alafu wakaja utitiri wekundu. Hawa wanapenda sana joto kavu, ukigeuza jani unaona kama vumbi la pilipili linatembea, na utando mwembamba kama wa buibui, jani linashika madoa ya njano mwisho linakauka kama limepitiwa na moto. Sijamaliza na hao, akaja Tuta (si tuta la viazi, ni jina la mdudu, kinondo kidogo cha kijivu asili yake Amerika ya Kusini, wazazi wetu walilima nyanya bila kumjua). Viwavi vyake vinaingia ndani ya jani lenyewe, kati ya ngozi ya juu na ya chini, vinakula wakiwa wamejificha humo, na tunda likitokea vinalitoboa. Dawa niliyonunua mjini nilipiga mara mbili, hawakusikia kitu. Nikarudi kwa mwarobaini, natwanga majani, naloweka usiku mzima, nachuja, naweka sabuni kidogo, napiga upande wa chini wa majani jioni. Majani yaliyoharibika nachuma nachoma. Inasaidia, lakini nimeng'oa miche mingi na siku moja nilikaa pale kwenye tuta nikalia, nikamwambia Mungu si ungeniambia tu nisipande.

Usiku huo nikafungua Yona sura ya 4. Tunaijua sana ile ya samaki, hii ya mwisho tunaipita haraka. Yona amekaa nje ya mji wa Ninawi amekasirika kwa kuwa Mungu ameusamehe, Mungu anamwoteshea mtango umpe kivuli, anafurahi kweli kweli, kesho yake alfajiri buu linakula mtango unakauka, jua linampiga kichwani, upepo wa mashariki wenye joto unavuma, Yona anasema afadhali afe. Buu, jua, upepo wa moto! Nikasema huyu nabii alikuwa Arua Februari.

Lakini angalieni Mungu anavyomjibu. Anamwambia wewe unauhurumia mtango ambao hukuufanyia kazi wala hukuuotesha, ulitokea usiku mmoja ukafa usiku mmoja. Nikajiambia mimi basi nina haki kuliko Yona, mimi nimefanya kazi, nimebeba maji. Nikabaki na neno hilo, na ndilo likanikamata. Kwa sababu Mungu hapo anaongea kama mkulima. Anataka kusema yeye ndiye ametaabika, Ninawi ina watu zaidi ya 120,000 aliowaumba na kuwalea, asiwahurumie vipi? Hata mifugo yao ameitaja. Na kitabu kinaishia kwenye swali hilo hilo, jibu la Yona halikuandikwa.

Na mimi sikuwa na jibu. Kuna dada tuliyekuwa tunaomba naye kila Jumatano, tangu Oktoba haonekani, na mimi nikasema ameshapoa kiimani, nikaendelea na maisha. Mche ukinyauka asubuhi mchana nimeshafika na maji, nageuza jani moja moja kutafuta ni mdudu gani, lakini dada wa watu miezi minne sijapiga hata simu kuuliza ni nini kinamla. Huyo ambaye Mungu amemtaabikia miaka yote hiyo. Hapo ndipo nililia kilio kingine, si cha nyanya.

Alhamisi nikafunga fungu la dodo (mchicha) na bamia chache nikaenda kwake. Kumbe mama yake ni mgonjwa tangu wakati ule, analala naye, anamgeuza usiku, na alikuwa anaona aibu kurudi bila mchango wa ushirika. Tulikaa tu. Hatukuhubiriana. Nilimsaidia kuteka maji, mama akanishika mkono muda mrefu bila kuongea.

Nyanya zimebaki 23, zina maua na vitunda vidogo, bado nageuza majani kila asubuhi. Dada ameomba miche, nimemwambia tungoje mvua irudi mwisho wa Machi nitamletea mwenyewe. Jumatano hii maombi tutafanyia nyumbani kwake, saa kumi na moja jioni, anayeweza aje na jerikani moja ya maji maana kwao pampu iko mbali sana.