Bilauri ya Maji Chini ya Tuta

Juzi binti yangu alikuwa akinisaidia kupanga makaratasi ya kabatini, akaokota fomu ya lambo la Ami, akaisoma hadi mwisho, kisha akaniambia kwa furaha kwamba lambo letu lilipata A. Nilimweleza kuwa hiyo si alama ya mtihani bali ni daraja la hatari, na kwamba A ndilo daraja la hatari ndogo kuliko yote. Akaniuliza ikiwa basi hakuna la kuogopa. Nilishindwa kumjibu, na tangu hapo usiku ule wa Mei 2018 haujanitoka akilini.

Waliowahi kufika shambani upande wa Kakuyuni wanalijua lambo lenyewe: tuta la udongo linalokatiza bonde dogo, lililosukumwa kwa tingatinga zamani, wakati wa uhai wa babu. Mwaka ule masika yalishika kwelikweli, mto Sabaki ukafurika na kuwahamisha watu wa Magarini, na maji ya lambo yakapanda hadi ikabaki nafasi ndogo mno kati yake na kilele cha tuta. Usiku wa tarehe 9 Mei, huko Solai katika kaunti ya Nakuru, bwawa la udongo ndani ya shamba la mtu binafsi lilipasuka na kuua watu wasiopungua 47, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Ami alisikiliza habari hiyo redioni bila kusema neno. Alipomaliza alivaa viatu vyake vya mpira, akaenda kulizunguka tuta peke yake.

Siku chache baadaye Ramadhani ikaingia. Usiku mmoja tulikuwa tumerudi kutoka tarawehe, tumekaa barazani na mabaki ya futari, alipofika mzee anayechunga ng'ombe wa Ami, miguu imejaa tope hadi magotini.

"Bwana," alisema, "kuna maji yanatoka chini ya tuta, na si ya mvua. Mvua imekatika tangu adhuhuri."

Ami alichukua tochi, nami nikaambiwa nichukue bilauri. Nilidhani anataka maji ya kunywa. Tuliteremka upande wa nje wa tuta, tukishikilia nyasi ili tusiteleze, hadi mahali ambapo miaka ya nyuma ulikatwa mwarubaini mkubwa na kisiki chake kikaachwa ardhini. Hapo, kando ya kisiki, palikuwa na mahali padogo palipochemka, maji yakipanda bila kelele na kutiririka kwenye majani. Tundu lenyewe halikuzidi upana wa kiganja. Ami alipiga magoti kwenye tope, akaisuuza bilauri mara kadhaa kwa maji hayohayo, kisha akaitega taratibu sana mdomoni mwa tundu ili asichokoe udongo wa nje, akaiacha ijae yenyewe. Aliinyanyua mbele ya mwanga wa tochi, akaishika bila kutikisika, nasi tukasimama tukiitazama. Mwanzoni maji yalikuwa na rangi ya chai hafifu. Baada ya kitambo sehemu ya juu ikaanza kuwa angavu, na chini ya kioo likatua tabaka la udongo mwekundu, jembamba kama ukucha. Ami alilitazama tabaka lile kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. "Huu si udongo wa hapa nje, mwanangu," alisema. "Huu unatoka ndani."

Baadaye nilisoma mengi na kuelewa kile alichokijua kwa uzoefu. Hakuna tuta la udongo lisilopitisha maji kidogo, na maji safi yanayojitokeza chini yake huwa ni jambo la kuangaliwa tu. Maji yenye udongo ni habari nyingine, kwa sababu yanalila tuta kutoka ndani: tundu huanzia pale maji yanapotokea, likarudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea ziwani, na likishafika ziwani, muda unaobaki huwa ni wa saa chache, pengine pungufu. Mizizi ya mti uliokatwa huoza na kuacha njia tupu, na maji hayahitaji zaidi ya hiyo.

Vijana walikimbilia kutaka kuliziba tundu kwa magunia ya udongo wa mfinyanzi. Ami aliwakatalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akisema kuwa maji yakizibiwa hapa yatatafuta pengine, tena kwa nguvu zaidi. Binamu yangu alikuwa akijenga, na nje ya msingi wake kulikuwa na chungu ya mchanga na nyingine ya kokoto. Tuliyabeba yote kwa makarai usiku kucha, tukatandaza mchanga kwanza na kokoto juu yake, ili maji yapate kutoka lakini udongo ubaki ndani. Wengine walichimba zaidi mfereji wa kutolea maji ya ziada, ule unaopita kwenye ardhi ngumu ya kando, ili ziwa lipungue. Shangazi aliteremka bondeni na taa, akagonga mlango mmoja baada ya mwingine, na wanawake wakapanda na watoto na mikeka hadi kwenye chuo kilicho mlimani. Daku waliila huko. Alfajiri Ami akajaza bilauri nyingine, na safari hiyo hapakuwa na kitu chini.

Baada ya Solai serikali iliagiza mabwawa yakaguliwe, na ofisa wa maji akafika kwetu pia. Alikuwa kijana mwenye adabu na mwangalifu, akapima kila alichotakiwa kupima. Chini ya kanuni za maji za mwaka 2007 zilizotumika wakati huo, lambo lenye kina kisichofika mita 5, linalohifadhi maji yasiyofika mita za ujazo 100,000, na linalokusanya mvua ya eneo lisilofika kilomita za mraba 100, liliwekwa daraja A. Daraja B lilikuwa la kina cha kuanzia mita 5 hadi karibu 15, na C la yale makubwa zaidi. La kwetu lilikuwa na kina cha mita 4 hivi na maji ya takriban mita za ujazo 30,000, kwa hiyo jibu lilikuwa wazi. Shangazi, aliyekuwa amesimama karibu, alimwuliza zile nyumba za bondeni zimeandikwa wapi. Kijana yule aliipitia fomu mbele yake, ukurasa kwa ukurasa, na hakupata mahali pake.

Simlaumu, alijaza alichopewa. Lakini mita za ujazo 30,000 ni tani 30,000 za maji, na maji hayo yangewafikia watoto waliolala kabla hawajaamshwa. Usiku wa tarehe 6 Novemba 1977 bwawa la udongo la Kelly Barnes, mali ya chuo kimoja huko Toccoa, jimbo la Georgia nchini Marekani, lilipasuka baada ya mvua kubwa na kuua watu 39. Halikuwa refu kupita mita 12 hivi. Katika utaratibu wa Wamarekani, bwawa huwekwa daraja la juu ikiwa kupasuka kwake huenda kukaua mtu, hata kama ni dogo na hata kama tuta lake ni zima kabisa. Daraja hilo halisemi lolote kuhusu ubora wa tuta, linasema tu nani yuko chini yake. Nilipolisoma hilo nilimkumbuka Shangazi na swali lake.

Sasa nyumba za bondeni zimeongezeka, kwa kuwa maji yapo na ardhi ni nzuri. Juu ya tuta umebaki mwarubaini mwingine, aliopanda bibi, mnene kuliko ule wa kwanza. Tukiuacha, mizizi itazidi kupenya. Tukiukata bila kung'oa mizizi na kuushindilia udongo upya, itaoza kama ile ya mwanzo. Na kazi hiyo haifanyiki vizuri mpaka ziwa lishushwe, jambo ambalo wenye mifugo hawataki kulisikia kabla ya vuli. Mimi nilipendekeza lambo livunjwe kabisa. Ami alinijibu kwamba katika ukame wa 2022 ng'ombe wa bonde zima walinywa hapo, na kwamba anayetaka livunjwe akawaeleze wenyewe. Nimepanga kwenda Jumamosi, na Shangazi amesema tutakwenda pamoja.