Siku moja maishani mwangu: mtaro huanzia unakoishia

Saa 12 asubuhi
Kabla sijavaa buti naangalia mawingu, kisha utabiri. Nasimamia kazi ya kupanua mitaro ya maji ya mvua katika mtaa ambao nyumba zake huingiwa na maji kila mvua kubwa inapopiga. Handaki lililo wazi huharibika kwa mvua ya nusu saa tu: kingo zinamomonyoka, kokoto zinachanganyika na tope, na kazi ya jana inarudiwa. Leo anga ni jeupe. Tunamwaga zege.

Saa 1
Hashuki mtu handakini mpaka nipite ukingoni kwanza. Natafuta nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, udongo uliomeguka usiku, na maji yanayochuruzika kutoka ubavuni. Meta moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi. Ikimwangukia mtu aliyeinama, hapati nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo penye kina tumekinga kuta kwa mbao na mihimili, na kifusi kinakaa mbali na ukingo. Vijana wa toroli wanalalamika kwamba umbali unawachosha. Nawaelewa, lakini kifusi hakisogei.

Saa 2
Hapa ndipo kazi ilipo hasa. Fundi vipimo ameshasimika levo, darubini ya kupimia usawa wa ardhi, msaidizi wake anatembea na rula chini ya handaki. Mteremko wetu ni 1 kwa 200, maana yake kila meta 20 sakafu ya mtaro inashuka sentimeta 10. Kwa macho huwezi kuuona. Mahali ambapo barabara inapanda huku mtaro ukishuka, hata fundi wa miaka mingi ataapa kwamba maji yatarudi nyuma.

Msaidizi anasimamisha rula, fundi anasoma, kisha anasoma tena. Kuna kinundu cha sentimeta 3. Mpita njia angesema sentimeta 3 si kitu, ila kwa mteremko huu zinatosha kufanya maji yatuame meta 6 kwenda nyuma. Maji yaliyotuama huacha mchanga, mchanga hushika mifuko ya plastiki, na baada ya misimu michache watu wanasema mtaro ni mdogo, kumbe umejaa. Ili maji yajisafishie njia yanatakiwa kwenda kasi ya meta 0.75 hivi kwa sekunde. Tunachonga kinundu, tunashindilia, tunapima upya. Saa nzima imekwenda kwa sentimeta 3, na siijutii hata dakika moja.

Saa 4
Zege limefika. Dereva anaomba liongezwe maji kidogo ili lishuke haraka. Nakataa, kwa sababu maji ya ziada hulegeza zege, na sakafu ya mtaro itasuguliwa na mchanga kila mvua. Tunajaza koni ya kupimia kwa tabaka tatu, kila tabaka linachomwa kwa ufito mara 25, kisha tunaivua na kupima zege limeshuka kiasi gani; likishuka mno lina maji mengi. Limekaa vizuri. Tunamwaga.

Saa 5
Mama wa nyumba ya bondeni amekuja kusimama karibu na mkanda wa tahadhari. Namwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mlangoni kwangu mtafika lini?"

Ni swali la haki kabisa. Nimeingia kwake. Ukutani kuna mstari wa tope juu kidogo ya goti, umenyooka kana kwamba umepigwa kwa kamba. Kabati la nguo linakaa juu ya matofali, na sehemu ya chini ya mlango imevimba hadi haufungi. Anataka tuchimbe langoni kwake leo hii, tena mtaro mpana.

"Mama, tukipanua hapa kwako kabla ya kule chini, maji ya watu wote wa juu yatakufikia kwa haraka zaidi, halafu yatakosa pa kwenda."

Ananyamaza kidogo. "Kwa hiyo shida yangu haipo kwangu?"

"Ipo kwenye kalvati, mama, pale maji yanapovukia chini ya barabara. Njoo mchana nikuonyeshe."

Kila mtaa uliofurika una nyumba kama hii, na kila mara shinikizo ni kuanzia penye kilio. Mtaro hujengwa kuanzia mdomo wake wa mwisho kwenda juu. Ukianza juu umehamisha mafuriko kutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine, tena yule wa chini, ambaye mara nyingi ndiye mwenye uwezo mdogo zaidi.

Saa 7 mchana
Mapumziko. Najaza daftari la kazi chini ya kivuli na kupiga simu kuhakikisha mabomba ya kesho yameshapakiwa.

Saa 8
Mama amekuja, na majirani wawili nyuma yake. Tunasimama juu ya kalvati linalopita chini ya barabara: bomba la zege la kipenyo cha milimita 450. Nafanya hesabu nao kwa sauti. Eneo linaloleta maji hapa ni hekta 4. Mvua kali ya milimita 90 kwa saa ikinyesha juu ya hekta 4 ni lita 1,000 kila sekunde. Zamani pakiwa na nyasi na miti, ardhi ilikunywa sehemu kubwa, na tuseme asilimia 20 tu ndiyo ilitiririka: lita 200. Leo kuna mabati, lami na nyua za saruji, na asilimia 70 inatiririka: lita 700. Bomba hili, kwa mteremko wake, likiwa jipya na safi, hupitisha lita 200 hivi.

"Basi waliolijenga hawakukosea," anasema jirani mmoja.

Hawakukosea. Mtaa ndio uliobadilika, bomba likabaki vilevile. Napenda watu walione hilo wenyewe, kwa sababu wakishaliona wanaacha kutafuta wa kumlaumu na wanaanza kuuliza kuhusu nyua zao.

Bomba tutakaloweka lina kipenyo cha milimita 750, na kwa mteremko uleule linabeba karibu mara nne ya lile la zamani. Hesabu hizi ni za zamani kuliko mimi: mwaka 1889 Emil Kuichling, mhandisi wa Rochester, Marekani, alichapisha njia ya kukadiria maji ya mvua mijini, na mwaka huohuo Robert Manning wa Ayalandi akawasilisha kanuni yake ya mwendo wa maji. Tunazitumia mpaka leo.

Saa 10
Kwenye kipande kilichokwisha kukomaa tunamwaga maji kwa ndoo na kuyafuata kwa miguu. Yanakimbia vizuri hadi kwenye kiungo kimoja, yanabaki kidimbwi chembamba. Fundi anakizungushia chaki; kitasawazishwa kwa plasta kabla mifuniko haijawekwa.

Meta chache mbele tunakuta bomba lililotobolewa ukutani, linatiririsha majitaka moja kwa moja mtaroni. Hili linanikera. Mtaro wa mvua huishia mtoni bila kupita mahali popote pa kusafishia, na mafuriko yakija, uchafu huo unaingia vyumbani pamoja na maji. Napiga picha na kuzungumza na mwenye nyumba kwa upole. Anasema atahamisha. Nimempa tarehe.

Saa 12 jioni
Zege jipya linafunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Litamwagiwa maji kwa siku 7. Uzio, taa za tahadhari, mbao za kuvukia kwenye kila lango ili watoto na wazee wasiruke handaki gizani. Mbao hizo nazikanyaga mwenyewe moja baada ya nyingine.

Saa 2 usiku
Ripoti ya leo ina ombi moja nililoliandika kwa herufi kubwa: kabla mradi haujakabidhiwa, itajwe kwa maandishi ni nani atazoa mchanga kwenye chemba na kusafisha wavu wa kuzuia taka kabla ya kila msimu wa mvua. Bila jina la mhusika sitasaini makabidhiano. Mabomba ya 750 yanafika kesho saa 1 asubuhi, na bomba la kwanza linalazwa upande wa mtoni.