Baraza la Wanaume na Maji ya Mtaa
Juzi mimi na wanawake wenzangu wa mtaani hapa Lamu tulimwendea mwanasiasa wetu kuhusu maji ya bomba, ambayo yana chumvi na siku nyingine hayatoki kabisa, akatujibu kwa upole, "Mama zangu, hilo tumeshalizungumza barazani." Baraza alilolitaja ni la wanaume watupu, linaloketi baada ya isha kwa kahawa chungu na kashata, sisi hupita, tukaamkia, tukaenda zetu.

Sina ugomvi na wanaume kukaa pamoja, kwani baraza ni mila yetu na lina heshima yake. Kinachoniuma ni kiongozi wa kuchaguliwa kukata shauri la umma mahali ambapo wanawake waliompigia kura hawawezi kuketi.

Wenye vyeo wa Uingereza nao wana mabaraza yao ya wanaume. Klabu ya Garrick ya London, iliyoanzishwa mwaka 1831, haikuwakubali wanawake kuwa wanachama hadi kura ya Mei 2024, baada ya majina ya wanachama kuanikwa gazetini na Simon Case, aliyekuwa mkuu wa utumishi wa umma, kujitoa uanachama. David Cameron alijitoa White's, klabu nyingine ya wanaume ya London, mwaka 2008, akiwa kiongozi wa upinzani.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, lakini kiti kina faida gani ikiwa neno limekwisha kukatwa usiku? Tumemwandikia mwanasiasa wetu barua tukitaka kikao cha maji kifanyike mchana, ukumbini, wanawake wakiwapo na kumbukumbu zikiandikwa.