Stenti ya magnesiamu: gesi ya Nairobi si gesi ya Mombasa

Stenti ni kijibomba cha wavu kinachoshikilia mshipa wa damu uwe wazi; ya magnesiamu huliwa polepole mwilini. Magnesiamu ikiliwa na maji hutoa gesi ya haidrojeni, na kwa gesi hiyo napima kasi ya ulikaji.

Siku ya 0. Kipande ni aloi ya magnesiamu iitwayo AZ31, mm 20 × 10 × 1. Hii si ya kuwekwa kwenye mshipa wa mtu, kwani ina alumini asilimia 3 hivi, lakini kwa kujifunza kupima ulikaji inafaa. Kimepigwa msasa namba 1200 kwa ethanoli. Usitumie maji, yataanza kukila mapema. Eneo la nje ni sm² 4.6, na mmumunyo wa Hanks (maji ya chumvi yanayofanana na majimaji ya mwili) ni ml 200. Ukiweka chini ya ml 20 kwa kila sm², pH hupanda haraka, utando wa hidroksidi hukaa juu ya chuma na ulikaji huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Faneli imefunika kipande, bureti (mrija wa kioo wenye alama za ml) imepinduliwa juu yake ili ikusanye gesi, na vyote vimezama kwenye maji ya 37°C.

Siku ya 2. Viputo vimekwama shingoni mwa faneli. Gonga kioo kidogo ndipo usome. Halafu shusha bureti hadi maji ya ndani na ya nje yawe sawa: safu ya sm 30 peke yake inapunguza shinikizo la gesi kwa hPa (hektopaskali) 29.

Siku ya 7. Gesi ml 14. Hapa ndipo wengi hukosea. Mlinganyo uliozoeleka huzidisha ml kwa sm² kwa siku na 2.279 kupata mm kwa mwaka, ukichukulia gesi kavu ya 0°C usawa wa bahari. Nairobi shinikizo ni kama hPa 830, na katika 37°C mvuke wa maji huchukua 63. Zinabaki 767. Kwa hiyo mg 1 ya magnesiamu hutoa ml 1.38 za haidrojeni. Mombasa ingetoa 1.12. Kizidisho cha hapa ni 1.52, na jibu ni mm 0.66 kwa mwaka, si 0.99.

Mizani imethibitisha. Baada ya kuosha kwa asidi ya kromiki (g 200 kwa lita, ni sumu, vaa glavu, taka zake zisiende sinki), uzito umepungua mg 10.7. Gesi inasema 10.1, pungufu kidogo kwa sababu haidrojeni nyingine huyeyuka majini. Mlinganyo wa zamani ungedai 15.2: gesi nyingi kuliko chuma kilicholiwa!

Kipande cha pili kinaingia kesho, barometa ikisomwa kila bureti inaposomwa.