Ngazija, kisiwa cha mawe meusi

Bibi yangu mzaa mama alikua Mngazija wa Unguja, kafa hajawahi kurudi kwao, kwa hiyo nlipopata likizo nikasema naenda mimi Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Ndege kutoka Dar ni kama saa moja na kidogo tu halafu unashuka Hahaya na kitu cha kwanza unachokiona ni mawe, meusi tii, lava iliyoganda mpaka baharini na minazi imeota humo humo.

Moroni, mji mkuu, nimeipenda sana, vichochoro vya Badjanani ni kama Mji Mkongwe wangu kabisa, ila kuta zenyewe za mawe ya volkano, na wazee wamekaa bangwe (uwanja wa watu kukutana) jioni, na kukaa pale kuna daraja zake, aliyefanya anda (ile harusi kubwa ambayo mtu anaweza kuiwekea akiba miaka na miaka) hakai sawa na ambaye hajafanya. Nyumba ni ya mwanamke, mume ndo anahamia. Hilo bibi alikua akilisema kila siku nikidhani anajisifu tu!

Chakula sasa. Mataba, yaani kisamvu kilichopikwa na tui mpaka kikalainika kabisa, na mkatra futra ambao ni mkate wetu wa ufuta ule ule, nlipouma wa kwanza nlinyamaza maana ilikua ladha ya jikoni kwa bibi. Kamba kochi wa sosi ya vanila nae mtamu ila bei imechangamka.

Karthala, mlima wa volkano wa kisiwa hiki, ina mita 2,361. Tulianza Mvouni alfajiri mimi na kijana mwenyeji wangu, migomba, halafu msitu wenye ukungu, halafu vichaka vifupi na majivu, tukalala juu kwa baridi kali, asubuhi ukisimama ukingoni kasoko lile linatisha kwa ukubwa, kimya, huskii hata ndege. Mwaka 1977 lava ilitokea ubavuni ikashuka ikaila Singani, kijiji cha watu.

Lakini kilichonikaa moyoni ni maji. Kisiwa chote hakina mto hata mmoja, mvua inanyesha kweli kweli lakini lava ina matundu inanywa yote, ndo maana karibu kila nyumba ya kijijini ina birika la saruji la kukingia mvua ya paa. Mwaka 2005 Karthala ilipotema majivu yaliingia mabirika hayo watu wakakosa maji ya kunywa na huku wamezungukwa na bahari.

Tulivyoshuka, miguu inatetemeka, mama mmoja mtu mzima akatuchotea kwenye birika lake, kata nzima nzima, na kiangazi kile. Nikampa zile tende nlizotoka nazo Unguja. Akasema "marahaba".

Kwao ndo asante. Mimi nlikua hata shikamoo sijampa, nikampa palepale.