Nilijua kuajiri, sikujua kupokea

Daktari wa kwanza niliyemwajiri alifika Jumamosi jioni, na ufunguo wa nyumba yake hakuna aliyejua uko wapi. Fundi wa mabomba alikuwa ameondoka nao mfukoni. Mlinzi akanipigia simu, mimi niko mjini kwenye kikao cha bajeti, nikamwambia amtafutie mahali pa kulala kwa leo tu. Wakamtandikia kwenye chumba cha vifaa cha wodi ya wazazi, juu ya kitanda cha wagonjwa chenye gurudumu moja bovu. Saa nane usiku muuguzi wa zamu akamgongea mlango: mama amejifungua na damu haikati. Akatoka na viatu vyake vya safari, akahangaika naye mpaka akatulia, akarudi kulala alfajiri. Jumatatu nilimkuta anatabasamu. Nikajisemea, huyu ndiye.

Miezi mitatu baadaye akaniwekea barua mezani. Sentensi mbili, na ndani yake maneno "sababu za kifamilia". Niliyaamini. Niliyaamini kwenye kila barua ya namna ile kwa sababu yalinipa nafuu. Familia ya mtu haiko kwenye majukumu yangu.

Nashughulikia utumishi katika hospitali ndogo iliyo mbali. Kutoka hapa hadi hospitali ya rufaa ni saa tano kwa gari, barabara ikiwa kavu. Nilipokabidhiwa ofisi, nafasi za madaktari zilizoidhinishwa zilikuwa 4 na aliyekuwepo ni 1, naye anahesabu miezi ya kustaafu. Wakunga walitakiwa 9, walikuwepo 5. Nilielewa kazi yangu kuwa ni kutangaza, kusaili na kujaza nafasi, na kwa kweli nilijaza. Katika miaka miwili ya mwanzo niliajiri watu 11. Waliobaki mwisho wa miaka hiyo ni 3. Mhasibu wetu, mtu asiye na maneno mengi, alisaini malipo ya usafiri wa yule wa kumi na moja akaniambia, "Wewe unajaza maji kwenye pakacha."

Neno hilo liliniuma kwa sababu alikuwa na hesabu yake mkononi. Kila aliyekuja tulimlipia nauli, mizigo, posho ya kujikimu, na wiki kadhaa za kufundishwa mifumo yetu. Kisha anaondoka, tunaanza upya.

Nilichofanya baadaye ningepaswa kukifanya mapema. Niliwapigia simu walioondoka. Sikuwapigia wakiwa bado wanakabidhi ofisi, maana wakati ule kila mtu anataka barua nzuri ya utambulisho na hawezi kukuambia ukweli. Nilisubiri nusu mwaka. Kati ya wale 8, 7 walipokea na kuongea. Wawili tu ndio waliotanguliza mshahara.

Yule daktari alicheka nilipomwomba radhi kwa habari ya ufunguo. "Chumba cha vifaa nilikisahau wiki ile ile," alisema. "Niliondoka kwa sababu siku 90 nilikuwa zamu. Hata usiku ambao hakuna aliyenigongea, nililala nikisubiri kugongewa." Mteknolojia wa maabara alisema mke wake ni mwalimu, na alikaa bila kazi mwaka mzima. Mkunga mmoja alisema aliona anasahau taaluma: glovu zinaisha, kipimo cha wingi wa damu hakifanyi kazi, kila mgonjwa mgumu anaandikiwa rufaa. Mwingine alinisomea tangazo langu mwenyewe kwenye simu. Alikuwa ameliweka. Niliandika "mazingira mazuri ya kazi". Akaniuliza, "Mazuri yapi, kaka?"

Baada ya simu zile ndipo nikasoma kwa makini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kuvuta na kubakisha watumishi wa afya vijijini, ule wa 2010 uliofanyiwa marekebisho 2021. Toleo la 2010 lina takwimu inayotajwa sana: wakati ule karibu nusu ya watu duniani waliishi vijijini, lakini huko walikuwako asilimia 38 tu ya wauguzi na chini ya robo ya madaktari. Kilichonisaidia zaidi, hata hivyo, ni namna mwongozo unavyopanga hatua katika mafungu manne: elimu, kanuni, fedha, na msaada wa kikazi na wa kimaisha. Mimi nilikuwa nacheza kwenye fungu la fedha peke yake, na hata huko nilicheza vibaya.

Nieleze hilo la fedha kwanza, maana ndilo kosa lililonigharimu. Baada ya daktari wa pili kuondoka, niliomba na nikapata nyongeza ya mazingira magumu kwa madaktari tu. Wauguzi hawakuambiwa, lakini hospitali yenye watumishi wachache haina siri. Muuguzi mkuu, mama aliyekuwa pale kabla ya kuta za wodi mpya, aliingia ofisini bila kubisha hodi. "Mwanangu, haya mazingira magumu yanamchagua daktari? Mimi naishi kwingine?" Sikuwa na jibu. Ndani ya miezi minne wakunga wawili waliomba uhamisho. Nikabaki na daktari mwenye nyongeza na wodi ya wazazi isiyo na mikono. Ilibidi fedha ile ile igawanywe upya kwa wote wanaolala zamu, kila mtu akapata kidogo, na daktari akanuna. Hata hivyo hakuondoka. Siku hizi nikisikia mtu anasema dawa ni kuongeza mshahara, namuuliza: wa nani, na nani atakuwa anatazama?

Zamu ndizo zilizochukua muda na akili yangu zaidi. Ukiwa na madaktari wawili, kila mmoja anakuwa zamu usiku mmoja kati ya miwili; mwenzake akienda likizo, zamu zote ni zake. Hakuna mtu anayedumu hivyo. Kuajiri daktari wa tatu lilikuwa jibu la wazi, ila madaktari hawaji kwa sababu zamu ni nzito, na zamu ni nzito kwa sababu hawaji. Tulikaa na matabibu, yaani wahudumu wanaotibu lakini mafunzo yao ni ya ngazi ya chini ya daktari, tukaandika ukurasa mmoja: mambo gani tabibu anayamaliza mwenyewe usiku, na mambo gani daktari lazima aamshwe. Kutokwa damu baada ya kujifungua, degedege lisilokatika, tumbo linalohitaji upasuaji, mtoto anayeshindwa kupumua, mgonjwa yeyote ambaye tabibu ana wasiwasi naye hata bila kujua kwa nini. Hilo la mwisho aliliongeza tabibu kijana, na ndilo lililowafanya wenzake wakubali mpango. Ukurasa ule tuliubandika mapokezi na kwenye mlango wa maabara. Madaktari wakaanza kupata usiku mzima wa usingizi, mmoja baada ya mwingine.

Halafu tukatafuta hospitali jirani yenye shida kama yetu, tukakubaliana daktari wa kule ashike wikiendi moja kwa mwezi kwetu na wetu awashikie moja. Kwa maneno ni jambo la dakika kumi. Kwa barua lilichukua miezi saba: nani atalipa posho, nani anawajibika mgonjwa akifariki, leseni inamruhusu kufanya kazi wapi. Kama unataka kuanza mahali, usianzie hapo, utakata tamaa.

Lile la kusahau taaluma lilinisumbua kwa sababu siwezi kuleta hospitali ya rufaa kijijini. Kuna mfano wa New Mexico, Marekani, nilioupenda. Mwaka 2003 daktari wa ini anayeitwa Sanjeev Arora alianzisha mpango wa ECHO: badala ya wagonjwa wa homa ya ini aina ya C kusafiri kwenda kwake na kupanga foleni, yeye na wenzake walikutana kwa video na wahudumu wa huko mbali, wakijadili wagonjwa pamoja hadi wahudumu wale wakaweza kutibu wenyewe. Matokeo yalipopimwa hayakupishana na ya kliniki ya chuo kikuu. Sisi hatukuwa na intaneti ya kuaminika kwa video, kwa hiyo tukaanza na simu iliyowekwa sauti ya juu katikati ya meza, kila Jumatano, saa moja. Daktari bingwa wa watoto upande wa pili, sisi tunasoma faili. Wiki za kwanza watu waliona aibu kusema walichokosea. Siku moja mkunga akaelezea mtoto aliyempoteza, akasita, na bingwa akasema, "Mimi pia nilimpoteza wa namna hiyo, ngoja nikwambie nilichofanya baadaye." Kuanzia hapo Jumatano haikuhitaji kukumbushwa.

Tangazo la kazi nililiandika upya. Sasa linasema umeme unakatika, linataja umbali hadi hospitali ya rufaa, idadi ya zamu kwa mwezi, nyumba ina vyumba vingapi na maji yanatoka siku zipi. Bodi ilidhani tutakosa waombaji. Kweli walipungua, karibu nusu. Ila waliofika kwenye usaili walikuja na maswali ya mtu aliyekwisha kuamua: nyumba ina jiko la namna gani, mwenzangu anaweza kufanya kazi wapi. Swali hilo la mwenza nimeligeuza kuwa langu. Naliuliza mwenyewe kabla ya kutoa barua, kisha napiga simu shuleni na kwenye ofisi nyingine za karibu. Mara mbili nimefanikiwa. Mara nyingine nimeshindwa, na aliyeshindwa kupata kazi ya mwenzake hakuja. Afadhali asije kuliko kuondoka akiwa amekwisha kuzoeleka kwa wagonjwa.

Mikataba ya kumfunga mtu sikuipa uzito. Tuliwahi kumsomesha muuguzi kwa sharti la kufanya kazi miaka mitatu. Mwajiri mwingine akamlipia deni lote mwezi wa tano. Kilichonifundisha zaidi ni kuchagua wa kusomesha. Japani wana Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichoanzishwa 1972. Wanafunzi wanachaguliwa kutoka kila mkoa, ada wanasamehewa, kisha wanarudi kutumikia mikoa yao kwa takribani miaka 9. Sisi hatuna chuo. Tulikuwa na wahudumu wa wodi wawili, wenyeji, wenye vyeti vizuri vya sekondari na hamu ya kusoma. Tukawapeleka kusomea uuguzi. Mmoja amerudi, ana nyumba yake mwenyewe na wala hahitaji nyumba ya hospitali. Wa pili aliolewa mjini, akabaki huko. Wakaguzi wanaweza kuita hiyo asilimia hamsini. Kwangu ni mkunga mmoja ambaye sina hofu naye kila mwisho wa mwezi.

Kuna jambo moja sijivunii. Katika mwaka mgumu kabisa nilimshawishi mkunga wa zahanati iliyo mbali zaidi yetu ahamie kwetu. Nilimwahidi nyumba na zamu nafuu, na ahadi nikaitimiza. Zahanati ile ikakaa bila mkunga, akina mama wake wakaanza kuja kwetu, wengine wakichelewa. Mwaka 2010 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilipitisha kanuni za kuajiri wahudumu wa afya kimataifa, zikizihimiza nchi tajiri zisikombe watumishi wa nchi zenye upungufu mkubwa. Nilikuwa nazitaja kanuni hizo vikaoni kwa hasira, nikilaumu nchi za mbali. Kumbe na mimi nilikuwa nchi tajiri ya mtu.

Leo madaktari ni 3 na wakunga 8. Daktari aliyekaa muda mrefu zaidi anaingia mwaka wa nne. Nilimuuliza, akiwa bado yupo, nini kinamzuia kuondoka. Hiyo ni tabia niliyojijengea, kuuliza waliobaki kabla sijalazimika kuwauliza walioondoka. Nilitegemea aseme zamu, au Jumatano. Akasema, "Ulipokuja kutazama paa linalovuja, ulipanda ngazi mwenyewe." Nilikuwa nimesahau kabisa.

Wiki iliyopita mkunga mmoja ameleta barua. Safari hii sikusubiri nusu mwaka, nilimketisha tukaongea. Mtoto wake wa kwanza anaingia sekondari, na ya karibu hapa haina walimu wa sayansi. Nilitafuta la kumwambia, sikulipata. Nimemwandikia barua nzuri ya utambulisho na tumekubaliana aondoke mwisho wa mwezi baada ya kumwelekeza mwenzake. Atakayechukua nafasi yake atafika Alhamisi kwa basi la jioni. Nyumba imepakwa rangi, bomba limetengenezwa, na fundi nimemnyang'anya ufunguo tangu juzi. Uko kwenye droo yangu, na wa akiba anao mlinzi.